Pale Tuliposujudu

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja mdogo wa mtaani Kariakoo, na kwa miezi miwili nimetembea na ukurasa wa muhtasari ambao sikuweza kuumaliza. Ajenda namba nne imeandikwa "Ujenzi". Chini yake nimeandika nani alisema nini. Mahali pa azimio pamebaki wazi.

Jambo lenyewe ni hili. Msikiti wetu ni wa zamani kwa kipimo cha Kariakoo: kuta nene za mawe na chokaa, boriti za mikoko zinazoonekana ukiinua macho, na paa la bati lililobadilishwa mara nyingi hata hakuna anayekumbuka la kwanza. Masika maji yanaingia. Ijumaa watu wanatandika mikeka barabarani, kati ya bodaboda na mikokoteni ya mizigo. Watoto wa madrasa wanasoma kwa zamu. Sasa amejitokeza mfanyabiashara anayetaka kuvunja na kujenga ghorofa: chini fremu 12 za maduka, juu yake msikiti wa kuchukua watu mara tatu ya sasa, juu kabisa madrasa. Fremu atazishika yeye kwa miaka 15 ili arudishe fedha zake, kisha zitakuwa mali ya msikiti. Kariakoo, mahali ambapo watu hugombea hata kibaraza cha kutandaza soksi, hilo si jambo la kupuuza.

Wengi kikaoni walisema tuvunje. Wachache walisema ni dhambi. Mimi nilikaa kimya, kwanza kwa sababu katibu kazi yake ni kuandika, na pili kwa sababu sikujua. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba "ni wa zamani" peke yake si hoja, na "utatuingizia fedha" peke yake si hoja pia. Basi hoja iko wapi? Kitu kitakatifu kikizeeka, kinatudai nini?

Siku chache baada ya kikao nilikwenda Feri asubuhi kununua samaki. Nilifuatana na mwenzangu wa kazini, mhasibu kutoka Tamil Nadu, kusini mwa India, ambaye ameishi Dar es Salaam miaka ya kutosha kujua kupatana bei kwenye mnada. Siku hiyo hakununua kitu. Nilipoagiza changu wa kukaanga, yeye alichukua dafu. Alisema yumo katika siku za mfungo kabla ya sikukuu yao ya Thaipusam, hali samaki wala nyama. Kama angekuwa kwao, angekuwa njiani kwa miguu kwenda Palani.

Tulikaa mahali ambapo pantoni linaonekana likivuka kwenda Kigamboni, na ukigeuza shingo unaona mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kanisa hilo lilijengwa na wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani kuanzia mwaka 1897 hadi 1902. Hatua chache kutoka pale ni Azania Front ya Walutheri, ya miaka hiyohiyo. Utawala uliokuja na makanisa hayo ulikwisha zamani, lakini Jumapili ibada ni za Kiswahili na watu wanajaa. Nilimweleza habari za kamati yetu nikiyaangalia majengo hayo. Nikamuuliza: kwenu, hekalu likichakaa mnafanyaje?

Palani ni mji wenye kilima kilichosimama peke yake, na juu ya kilima pana hekalu la Murugan. Mahujaji hupanda kwa ngazi mamia kwa mamia, ingawa siku hizi vipo pia vibehewa vinavyovutwa kwa waya. Masimulizi yanasema Shiva aliweka tunda shindano kwa wanawe wawili: atakayeuzunguka ulimwengu kwanza ndiye mwenye tunda. Murugan akaondoka mbio. Ganesha akawazunguka wazazi wake tu, akasema wao ndio ulimwengu, akapewa tunda. Murugan aliporudi na kukuta mambo yamekwisha, akavua mapambo, akashika fimbo, akaenda kukaa kilimani kama fakiri. Ndivyo anavyoonekana hadi leo, kijana mwenye fimbo, hana kitu. Ujenzi wa hekalu wenyeji wanaunasibisha na mfalme wa Chera, na wafalme wa Pandya waliokuja baadaye wakaongeza kuta na kumbi. Paa la chumba cha ndani limefunikwa dhahabu. Utajiri wote huo umejengwa juu ya kichwa cha mungu aliyekataa kila kitu, na mwenzangu alicheka mwenyewe aliposema hivyo.

Lakini lililonishika ni habari ya sanamu. Sanamu ya Palani haikuchongwa kwa jiwe. Mapokeo yanasema mganga mtakatifu aitwaye Bhogar aliiunda kwa kuchanganya vitu tisa, vingine sumu, kwa kipimo kilichovifanya kuwa dawa. Ibada kubwa ya pale ni kuiosha: maziwa, asali, na mchanganyiko wa ndizi, sukari guru, asali, samli na tende ambao mahujaji hubeba kurudi nao nyumbani. Usiku hupakwa liwa la sandali, na asubuhi liwa hilo hugawiwa watu. Waumini wanaamini kwamba kilichopita juu ya mwili ule kinaponya. Sasa fikiri. Ukiosha kitu kila siku kwa mamia ya miaka, na kila unachokiosha nacho kinaondoka na chembe, kitu hicho kinabaki vipi? Sanamu imelika. Imekonda kwa kupendwa. Ikabidi uoshaji wa sanamu yenyewe uwekewe mipaka.

"Sasa nani mwenye makosa?" nilimuuliza. "Waliomwosha?"

"Kaka," alisema, "wasingemwosha angebaki mzima. Lakini angebaki mzima kwa ajili ya nani?"

Akaniambia jambo la pili. Hekalu lenyewe halikuachwa kamwe katika hali moja. Desturi ya kusini mwa India ni kulikarabati na kuliweka wakfu upya takriban kila miaka 12, ingawa mambo huchelewa: Palani walifanya mwaka 2006, kisha hadi Januari 2023. Kabla mafundi hawajapanda na jukwaa, makuhani huondoa uwepo wa mungu wao mahali pake na kuuhifadhi kwa muda katika chombo cha maji au sanamu ndogo pembeni. Ibada inaendelea pale pembeni. Mafundi wanagonga, wanapaka, wanaziba nyufa. Kazi ikiisha, maji yanapandishwa juu ya paa na kumwagwa, na kila kitu kinarudi mahali pake.

Mimi ni Mwislamu, sisujudii sanamu, na yeye analijua hilo. Sikuchukua kwake imani. Nilichukua swali, na swali hilo sikuwa nimelisikia kwenye kikao chetu. Sisi tulikuwa tukiuliza jengo libaki au livunjwe. Habari ya Palani ilinifanya niulize kwanza: kinachokula jengo hili ni nini?

Kwa maana kila jengo linaliwa. Mvua inakula, chumvi ya bahari inakula, miguu inakula vizingiti. Kule Feri mafundi wanakalafati mashua, wanang'oa ubao uliooza na kupigilia mwingine, na nahodha hana shaka hata kidogo kwamba ni mashua ileile. Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walibishana juu ya meli ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka haukubaki hata mmoja wa kwanza. Ukimuuliza nahodha wa Feri, atakwambia mashua iliyooza kwa kufanya kazi ina heshima, na mashua iliyooza kwa kutelekezwa ufukweni inatia huruma. Zote mbili zimeoza.

Nilipofika hapo nilikumbuka Kilwa Kisiwani. Nilifika miaka ya nyuma. Msikiti Mkuu wa pale ni jambo la kumfanya mtu anyamaze. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11 na 12. Mwanzoni mwa karne ya 14, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, uliongezwa ukumbi mkubwa wa kuba upande wa kusini. Baadaye sehemu ya nyongeza ile ikaanguka, na katika karne ya 15 ikajengwa tena kwa nguzo za pembe nane. Kwa hiyo msikiti tunaouhifadhi kama kitu kimoja cha kale ni kazi ya watu waliobomokewa, wakapanua, wakajenga upya. Hakuna aliyewaambia waache kwa kuwa ni wa zamani. Walikuwa wakiuhitaji.

Kisha biashara ikahama, watu wakapungua, na hapakuwa na wa kujenga tena. Hapo ndipo ukawa magofu. Mwaka 1981 UNESCO iliuingiza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka 2004 hadi 2014 vilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kazi ikafanyika, vikatolewa. Nashukuru kwa kila tofali la chokaa lililotiwa pale. Lakini nilipoinama kupita kwenye upinde mmoja nilijikuta natafuta kwa macho mahali pa kuvulia viatu, na hapakuwepo. Magofu ni jengo ambalo ukarabati wa wenyewe umekoma na ukarabati wa wengine umeanza. Kwa miaka mingi Kilwa haikuliwa na sala. Ililiwa na mizizi ya miti.

Mwezi uliofuata nilikuwa na safari ya Unguja. Boti za Zanzibar zinaondokea karibu na palepale Feri, ng'ambo ya barabara kutoka Mtakatifu Yosefu. Nilipomaliza shughuli zangu mjini nilipanda gari hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Ukifika usipoambiwa utapita. Ni msikiti wa kijiji, paa la bati, kuta zilizopakwa rangi. Unavua viatu, unatia udhu, unaingia. Ndani, ukutani upande wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, herufi zimesokotana kama majani. Yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya Kiislamu ya kale zaidi yanayojulikana katika pwani yetu. Mengi ya yaliyobaki katika jengo ni ya karne ya 18 na ya baadaye.

Matumbawe ya namna hiyo hukatwa baharini yakiwa bado hai na laini, fundi anachonga angali anaweza, kisha yanakauka kwa hewa na kuwa magumu. Aliyechonga alikuwa na muda mfupi. Ninavyoona, walioishi baada yake walielewa. Paa lilipooza walibadilisha paa. Kuta zilipochoka walijenga nyingine. Ukuta wa kibla, ambao umeelekezwa na vipaji vya nyuso vya watu wa karne tisa, waliubakiza. Nilisali adhuhuri pale na watu wasiofika kumi. Baada ya salamu kijana mmoja alichukua ufagio akafagia majani yaliyopeperushwa mlangoni. Hakuna aliyeyatazama maandishi isipokuwa mimi.

Nilirudi nikidhani nimepata jibu. Nitaandika: tujenge, lakini ukuta wa kibla ubaki. Kama Kizimkazi. Nilijiona nimekuwa na hekima, nikaenda kumweleza mzee wetu mmoja, aliye karibu miaka tisini, ambaye akiwa kijana wa madrasa alibeba makarai ya chokaa msikiti huo ulipokuwa unajengwa. Katika kikao hakusema neno, na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kumtetea. Nilimkuta kibarazani na redio yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza ukuta, chokaa, mikono yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Chokaa ile," alisema, "nilibeba ili watu wasali. Sikubeba ili nikumbukwe. Ukuta ukifaa ubaki, usipofaa uende. Uliza fundi, usiniulize mimi."

"Kwa hiyo babu unasema tuvunje?"

"Vunjeni. Lakini pale tulipokuwa tukisujudu, msije mkauza sidiria."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaongeza sauti ya redio, na nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Neno hilo nimelibeba tangu siku hiyo, na kadiri ninavyolibeba naona lina sheria ndani yake. Wanazuoni wengi wanasema ardhi ikishawekwa wakfu kuwa msikiti, ni msikiti kuanzia chini ya udongo hadi juu mbinguni, na huwezi kuugeuza ukumbi wa sala kuwa duka kwa kuusogeza ghorofa moja juu. Wapo wanaoruhusu maduka chini kama yalikusudiwa hivyo tangu wakfu ulipotolewa. Wa kwetu haukukusudiwa hivyo. Lakini mzee hakunipa fatwa. Alinipa tofauti niliyokuwa naitafuta tangu Feri: kati ya kitu kinacholiwa na ibada na kitu kinacholiwa na kingine.

Najua pingamizi, kwa sababu nimeliandika kwa mkono wangu kwenye muhtasari. Mjumbe mmoja alisema: duka si adui wa msikiti. Na ni kweli. Pwani yote hii misikiti imeishi kwa nyumba, maduka na mashamba ya wakfu. Minazi ililipa mafuta ya taa, kodi ya chumba ililipa mikeka. Fedha za pango zinaweza kuwa ndizo maji ya kuoshea. Mwingine alikumbusha Soko la Kariakoo, lile la miavuli ya zege lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Lilipoungua Julai 2021 jengo la zamani lilikarabatiwa na jipya likajengwa pembeni. "Soko lina pembeni," alijibiwa. "Sisi hatuna pembeni." Hilo nalo ni kweli. Na wa tatu alisema anayelinda ukuta mbovu kwa ajili ya hisia anaweka roho za watu rehani. Mji huu haujasahau Machi 29, 2013, ghorofa lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi na watu 36 wakafa. Wala Novemba 2024, ghorofa jingine lilipoanguka hapahapa Kariakoo. Ila mfano huo unakata pande mbili: ghorofa lile la mwaka 2013 halikuwa la zamani. Lilikuwa bado linajengwa.

Nazipokea hoja zote tatu, na bado nadhani zinaacha kitu. Duka la wakfu hutumikia msikiti. Katika mchoro tulioletewa, ukiutazama vizuri, msikiti ndio unaotumikia maduka: unatoa ardhi, unatoa jina, unapanda ngazi ili mlango wa barabarani ubaki kwa mteja. Mzee asiyeweza kupanda ngazi, aliyesali chini kwa miaka sabini, atasali wapi? Nilirudi kwenye karatasi nikahesabu. Mita za maduka zilikuwa zimepimwa moja moja. Mahali pa kutilia udhu palikuwa pameandikwa "baadaye".

Makosa, basi, hayamo katika kuvunja wala katika kuacha. Jengo takatifu limewekwa duniani litumike mpaka liishe, kama sanamu ya Palani, kama paa za Kizimkazi. Anayelificha lisiguswe amelinyima kazi yake. Lakini anayeliacha liliwe na lisilo ibada, kisha akaita hilo maendeleo ya ibada, amefanya jambo baya zaidi, kwa sababu anatumia jina la wenye kusali kuwapandisha ngazi. Ishara ya kutofautisha, ninavyoona, ni ile ya chombo cha maji: unapovunja, je, umeshajua sala itakaa wapi kazi ikiendelea, na je, itarudi palepale? Katika mchoro wetu halikuwepo jibu la swali lolote kati ya hayo mawili.

Kikao cha pili kilikaa wiki iliyopita. Safari hii nilisema. Nilipendekeza mambo manne: mhandisi asiye wa mfadhili apime kuta, ukumbi wa sala ubaki chini, pale ulipo, na upanuliwe kwenda juu, maduka yawe pale tu palipokuwa na uwanja na stoo, ambapo hapakuwahi kuwa mahali pa kusujudu, na hapo zinaingia fremu nne, si 12, na kabla ya nyundo ya kwanza tuwe na chumba cha kukodi cha sala tano. Ukuta wa kibla sikuutaja. Nilimwachia fundi, kama nilivyoagizwa.

Tulipiga kura. Tuliopita tulizidi kwa kura mbili. Mfadhili alisema fremu nne hazirudishi fedha zake, atafikiria, akaaga kwa adabu. Huenda asirudi. Mjumbe mmoja, baba wa watoto watatu walioko madrasa, aliniuliza nje tunavaa viatu: "Katibu, masika ikija, hao watoto utawaambia nini?" Sikuwa na la kumjibu, na sijalipata bado. Inawezekana nimewakosesha darasa kwa ajili ya mita chache za sakafu.

Jana usiku nimejaza mahali palipokuwa wazi. Nimeandika azimio kama lilivyopitishwa, na chini yake, ingawa si kawaida ya muhtasari, nimeandika swali la yule baba na jina la aliyelipokea bila kulijibu, ambalo ni langu. Asubuhi mvua ya kwanza ilinyesha. Nilipofika kwa sala ya alfajiri mtu alikuwa ameshaweka ndoo chini ya mahali panapovuja, na safu ya kwanza ilikuwa imesogea kidogo kulia kuikwepa.